Mazingira Huanzia Jikoni: Vidokezo kwa Wenye Migahawa

Bango la "Tunza Mazingira" ukutani halimwambii mteja chochote. Azunguke nyuma, aone panapooshwa vyombo. Vidokezo hivi ni vya mama lishe, wauza chipsi na wenye migahawa ya mjini. Havitaki mtaji mkubwa, na vingine vitakurudishia hela.

1. Anza na maharage. Hakuna chakula kinachokula mkaa kama hicho. Yakiingia jikoni makavu hukaa saa mbili, tatu, na mpishi anazidi kuchochea. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, uyapike kwenye sufuria la presha. Hayafiki saa moja. Kumbuka tanuru la kienyeji humeza kilo sita hadi kumi za kuni kutoa kilo moja tu ya mkaa. Gunia linaloshushwa Dar es Salaam kutoka Morogoro au Lindi limebeba kuni nyingi kuliko unavyoona kwa macho.

2. Piga hesabu ya mkaa mwezi mzima. Wengi wanaikimbia gesi kwa sababu mtungi unataka pesa ya mkupuo, ilhali mkaa unanunuliwa kwa kopo. Andika kila kopo kwenye daftari, mwisho wa mwezi jumlisha, ndipo ulinganishe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, lakini wewe huna haja ya kuhama siku moja. Peleka chai, mayai na kupasha mboga kwenye gesi kwanza. Mishkaki iache kwenye mkaa. Wateja wa mishkaki hawana msamaha. Ila mtungi usikae jirani na jiko la mkaa, hata kama kibanda ni kidogo kiasi gani.

3. Mafuta machafu yasiione sinki. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Mafuta ya chipsi yakimwagwa yana moto yanateleza vizuri tu, lakini yakipoa huko mbele yanaganda, yanashikana na wali na majani ya chai, mtaro unaziba. Masika ikifika, maji yanahamia sebuleni kwa jirani, na lawama inaangukia manispaa. Yaache yapoe, yachuje, yaweke kwenye dumu lenye mfuniko, kisha tafuta watengeneza sabuni wa mtaani kwako. Usimuuzie anayekwenda kuyakaangia tena. Sahani nazo zikwanguliwe kabla ya kuoshwa, na tundu la sinki liwe na chujio.

4. Weka ndoo mbili za taka. Moja ya maganda na makombo, nyingine ya vikavu. Wafugaji wa nguruwe na bata watayafuata makombo wenyewe wakijua ni safi, yaani hayana vijiti vya mishkaki, vizibo wala nailoni. Chupa za plastiki ziwekwe peke yake, zina wanunuzi.

5. Usichome taka nyuma ya banda. Moshi wa plastiki ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mpishi wako.

6. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na bado kuna anayemtilia mteja maandazi kwenye kifungashio laini na kumwambia abebe hivyo hivyo. Kifungashio si mfuko. Mteja anayekuja na bakuli au hotipoti yake mwongezee kinyama. Kesho atamleta mwenzake naye na bakuli. Supu ya moto kwenye nailoni ni jambo la kukataa kabisa, mteja hata akisema ana haraka.

7. Mpe mtu mmoja jukumu. Kazi ya wote haina mwenyewe. Mara nyingi anayefaa ni mwosha vyombo, maana ndiye anayejua kinachotupwa kila siku. Hela ya chupa iwe yake, na utaona zinavyotenganishwa bila kelele. Ukiona wali unamwagwa kila jioni, usimlaumu. Punguza kipimo cha mchele.

Leo ukishafunga, fungua mfuniko wa mtaro ulio mbele ya mlango wako. Ukikuta mafuta yameganda, fanyia kazi kidokezo cha tatu kabla mvua hazijaanza.