SOMO LETU: VIFARANGA WAPYA WA SAMAKI WASIINGIE BWAWANI SIKU WANAYOFIKA



Katika mashamba ya miwa na ya chai hapa Uganda, wapo wenzetu waliochanga fedha wakachimba mabwawa ya samaki. Kazi hiyo ni nzuri. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na samaki ni kitoweo na pia ni ada ya watoto. Lakini bwawa laweza kufa kwa majuma mawili. Sisi tunaoandika somo hili tumeona kwa macho yetu, na hasara tumeilipa.

Yaliyotupata

Bwawa letu lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 20. Tuliweka ngege wachanga 1,200, tulionunua shilingi 300 kila mmoja. Baada ya miezi mitatu walikuwa wamefika ukubwa wa kiganja, tukaamua kuongeza wengine. Ndipo mchuuzi mmoja akapita kambini na pikipiki, akasema wake ni shilingi 150. Hatukumwuliza wametoka wapi. Tulinunua 500, tukawamwaga bwawani jioni ile ile pamoja na maji yao, tukapiga makofi.

Siku ya nane samaki wakaanza kuelea juu, wengine wana vidonda vyekundu ubavuni. Kufika siku ya kumi na nne tulikuwa tumezika zaidi ya 1,000. Wenzetu wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema mlinzi amehongwa akatia sumu, na mlinzi huyo alikuwa mwanachama kama sisi. Kikundi kilikaribia kuvunjika.

Afisa uvuvi alipofika aliuliza neno moja tu: "Wale wapya mliwatenga siku ngapi?" Tukanyamaza wote. Akaomba aone samaki mgonjwa. Hatukuwa naye hata mmoja, tulikuwa tumewafukia wote. Basi tukakaa kikao, tukamwomba mlinzi msamaha mbele ya wanachama.

Tulitaka kuokoa shilingi 75,000. Tukapoteza samaki wa miezi mitatu na chakula chao chote.

Ugonjwa huingiaje?

Kwanza, huingia na samaki mwenyewe. Samaki aweza kubeba ugonjwa naye anaogelea vizuri na kula vizuri. Safari ikimchosha, nguvu humpungua, na ugonjwa hupanda.

Pili, huingia na maji ya mfuko. Vijidudu huwamo majini hata kama maji ni meupe.

Tatu, huingia na nyavu, ndoo na miguu yetu tunapotoka bwawa moja kwenda jingine.

Haya si mambo ya kambi yetu peke yake. Kuna ugonjwa wa vidonda vyekundu unaoletwa na kiumbe cha majini kinachofanana na kuvu. Ulionekana Japani mwaka 1971. Mwaka 2006 na 2007 ulikuwa umefika mito ya Chobe na Zambezi, ukapiga samaki wa Botswana, Namibia na Zambia. Kuna tena virusi vinavyoua ngege, ambavyo wataalamu walivieleza mwaka 2014 baada ya samaki wengi kufa huko Israeli. Mwaka 2017 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo lilitoa onyo kwa nchi zote zinazofuga samaki hao. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kuwa wamevikuta katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania, na samaki hao hawakuonyesha dalili. Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi.

Tufanye nini?

1. Tumwulize muuzaji: vifaranga wametotolewa wapi? Je, samaki wamekufa kwake karibuni? Asiyetaka tuone mabwawa yake, tusinunue kwake. Afisa uvuvi wa wilaya atatuelekeza kwa watotoleshaji wanaojulikana. Kiko pia kituo cha utafiti wa samaki cha Kajjansi, karibu na Kampala.

2. Tutazame kabla ya kulipa. Tusichukue wenye madoa meupe, mapezi yaliyolika, macho yaliyotokeza au vidonda, wala wanaojikuna au kuzunguka kama walevi. Ndani ya mfuko mmoja wakiwamo wagonjwa, tusichague wazima. Tuuache mfuko wote.

3. Tuchimbe kijibwawa cha kutenga. Cha mita 4 kwa 5 huchimbwa na watu kumi Jumapili moja. Kizimba cha wavu ndani ya bwawa kubwa hakifai, kwa kuwa maji ni yale yale. Maji ya kijibwawa yasitiririkie bwawa kubwa.

4. Wakifika, tuelekeze mfuko uliofungwa juu ya maji ya kijibwawa kwa dakika 15 au 20, ili joto lilingane. Kisha tuwatoe kwa wavu. Maji ya mfuko tuyamwage mbali, penye nchi kavu.

5. Wakae humo majuma matatu. Wakifa bila sababu, siku zianze kuhesabiwa upya.

6. Tulishe bwawa kubwa kwanza, kijibwawa baadaye. Kila mahali pawe na wavu wake na ndoo yake, na nyavu zianikwe juani zikauke kabisa.

7. Samaki wakianza kufa, tusiuze walio hai kwa jirani wala tusiwatupe mtoni. Tumpelekee afisa mgonjwa aliye hai, au aliyekufa sasa hivi akiwa katika barafu. Wengine tuwafukie kwa chokaa.

Usalama wa mikono yetu

Virusi vya ngege havimdhuru mtu. Lakini wako bakteria wa samaki wanaoingia kwa mwanadamu penye mchubuko, mkono ukavimba au ukafanya uvimbe usiopona upesi. Mwenye kidonda asiingize mkono majini bila glavu. Wenzetu walioajiriwa katika mashamba ya samaki wadai glavu na mabuti kwa mwajiri. Hiyo ni haki yao, siyo zawadi.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Nani katika kikundi chenu ana ufunguo wa kijibwawa, na nani atahesabu siku?
2. Mwanachama akileta vifaranga wa bei nafuu usiku, mtamjibu nini?
3. Hasara ikitokea, mtatafuta sababu au mtatafuta mtu wa kulaumu?

Ndugu, wazee walisema samaki mmoja akioza, huoza wote. Sisi tulilijua neno hilo tangu utoto, na bado tulimwaga mfuko ule. Ninyi msifanye hivyo. Majuma matatu si mengi kwa mtu aliyengoja miezi mitatu.