Misalaba ya Mawe ya Uingereza

Katika vijiji vingi vya Uingereza kanisa limezungukwa na uwanja wa makaburi. Mara nyingi, upande wa kusini wa kanisa, huonekana vidato vya mawe, na juu yake kipande cha nguzo iliyokatika. Hayo ni mabaki ya msalaba uliosimamishwa zamani sana.

Msalaba wa namna hiyo ulikuwa na sehemu nne: vidato, jiwe kubwa lenye tundu katikati, nguzo ndefu iliyotiwa katika tundu lile, na kichwa, ambacho fundi alikichonga sura ya Bwana Yesu msalabani, na pengine ya Mariamu na Mtoto.

Siku zile maskini hawakuwekewa mawe yenye majina yao makaburini. Basi msalaba ule mmoja ulikuwa alama ya wote waliolala pale, mkulima na mchunga kondoo pamoja. Siku ya Jumapili ya Matawi watu waliandamana wakiimba, wakasimama mbele yake.

Misalaba mingine ni ya kale zaidi. Ule wa Gosforth, upande wa kaskazini, ulichongwa katika karne ya 10, na urefu wake wapita mita 4. Juu yake mna mateso ya Kristo, pamoja na hadithi za miungu ya watu waliotoka ng'ambo ya bahari.

Katika karne ya 16 Wakristo wa Uingereza walifarakana. Wengi walisema kwamba sanamu zawapotosha watu. Hata mwaka 1643 Bunge likaamuru misalaba iondolewe makanisani na viwanjani. Vichwa vingi vikavunjwa. Nguzo nyingine zilizobaki ziliwekewa saa ya jua.

Lakini katika kijiji cha Ampney Crucis kichwa cha msalaba, kazi ya karne ya 15, hakikupotea. Katika karne ya 19 kilionekana kimefichwa ndani ya ukuta wa kanisa, na sura zake zingali zikitambulikana. Kikarudishwa juu ya nguzo yake, na hata leo kipo. Waliokificha walikuwa wamekufa zamani. Lakini walichokilinda kikawafikia wajukuu wa wajukuu wao.

Maswali
1. Taja sehemu nne za msalaba wa uwanjani.
2. Kwa nini msalaba mmoja uliwatosha wafu wote?
3. Kichwa cha msalaba wa Ampney Crucis kiliokokaje?