Kabla Hujanunua Kindle, Piga Hesabu Hii

Swali hili hutufikia mara nyingi: ninunue Kindle ama niendelee kusoma vitabu kwa simu? Na mara nyingi huwa limebeba swali la pili mgongoni: nikope ndiyo niinunue? Leo tunajibu yote mawili. La pili ni rahisi zaidi, lakini jibu lake halieleweki vizuri kabla ya la kwanza, kwa hivyo tuvumiliane kidogo.

Tukisema Kindle tunamaanisha vifaa vyote vya kusomea vitabu vya kielektroniki, iwe ni Kindle yenyewe ya Amazon, Kobo au PocketBook, vile tu watu huita kila dawa ya meno Colgate. Iko tofauti moja kati yao itakayogusa mfuko wako, na tutaifikia.

Unalipia nini hasa?

Unalipia skrini. Mashine iliyo ndani ya Kindle ni dhaifu kuliko ya simu nyingi za bei ya chini, ukitaka kujua. Lakini skrini yake haitoi mwanga kama ya simu. Inatumia wino wa kielektroniki, yaani chembechembe nyeusi na nyeupe ambazo umeme huzisukuma zije juu ama zirudi chini. Zikishakaa mahali pake, ukurasa unabaki hapo bila kula chaji. Betri inatumika zaidi pale unapofungua ukurasa mwingine, unapowasha taa yake ama waifai.

Ndiyo maana Kindle inakaa na chaji muda mrefu. Amazon inasema Kindle ya kawaida iliyotoka 2024 inaweza kwenda hadi wiki 6 ukisoma nusu saa kwa siku, waifai ikiwa imezimwa. Hapa kuna maandishi madogo ya kusoma vizuri: wiki 6 za nusu saa ni saa 21 za kusoma. Wewe ukisoma saa tatu kila siku, hizo wiki 6 ni wiki moja. Bado ni nzuri sana, hasa mahali stima hupotea ovyo, lakini usiambiwe wiki 6 ukadhani ni wiki 6 za kila mtu.

Faida nyingine ni jua. Ukiwa stegi saa sita mchana, skrini ya simu inakuwa kioo cha kujitazama. Ya Kindle inasomeka kama karatasi, na jua likizidi ndiyo inaonekana vizuri zaidi. Pia hakuna ujumbe wa WhatsApp unaoingia katikati ya ukurasa. Kwa watu wengi hiyo peke yake ndiyo sababu ya kununua, na hatuoni kama ni sababu ndogo.

Nani asinunue

Tuseme wazi: kama unanunua kwa ajili ya masomo ya mtoto ama ya chuo, simama hapo kwanza. Notisi za mhadhiri, karatasi za mitihani iliyopita na vitabu vingi vya shule huja kama PDF. PDF imepangwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, nayo Kindle ya kawaida ina skrini ya inchi 6. Maandishi yanakuwa madogo kama mchwa, ukiyakuza unaanza kusukuma ukurasa kulia na kushoto, na kila ukisukuma skrini inachelewa. Michoro ya rangi ya biolojia inatoka kijivu. Hakuna video. Kwa kazi hiyo tableti ya bei ya kati inakufaa zaidi, ikiwezekana ya inchi 10. Ziko Kindle na Kobo kubwa, hata za rangi, lakini bei yake inapita ya tableti nzuri.

Kindle ni ya mtu anayesoma vitabu vya maandishi matupu: riwaya, wasifu, historia, biashara, dini. Vitabu vya namna hiyo maandishi yake yanajipanga upya kufuata skrini, na unaweza kuyakuza bila kuharibu kitu. Mzazi ambaye macho yamechoka na maandishi madogo atashukuru.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Kindle ya kawaida dukani Nairobi, tuseme KSh 18,000. Kitabu kipya cha karatasi KSh 1,500, na kitabu hicho hicho cha kielektroniki KSh 900. Kwa kila kitabu umeokoa KSh 600. Gawanya 18,000 kwa 600: lazima ununue vitabu 30 ndipo kifaa kirudishe pesa yake. Anayemaliza kitabu kimoja kila mwezi atafika hapo baada ya miaka miwili na nusu. Anayemaliza vinne kwa mwaka atahitaji miaka saba na nusu, na kufikia hapo betri huenda imechoka ama kuna mtu amekikalia.

Lakini hiyo ndiyo hesabu ya watu wa madukani. Wengi wetu hatununui vitabu hivyo. Tunainama pale kando ya barabara mjini, kitabu cha mtumba shilingi mia, mia mbili, mia tatu ukijua kuongea. Ukilinganisha na hapo, Kindle haitawahi kurudisha pesa yake, kwa sababu kitabu cha kielektroniki mara nyingi ni ghali kuliko cha mtumba.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisahau. Kitabu cha karatasi ukimaliza unaweza kukiuza. Umekinunua 1,500, umekiuza 700, kimekugharimu 800. Kile cha kielektroniki cha 900 hakiuziki. Kwa kawaida hata kumpa jirani huwezi, labda umpe na kifaa chenyewe. Sababu ni kwamba ulichonunua ni ruhusa ya kusoma, na kampuni inabaki na ufunguo. Hii si hofu tupu: Julai 2009, Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwa Kindle za watu waliokuwa wamevilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Walirudishiwa pesa na Amazon ikaomba msamaha, lakini vitabu vilikuwa vimeondoka vikiwa mikononi mwa wenyewe.

Hesabu inageuka kwa msomaji wa aina moja: yule anayesoma vitabu vya zamani vya Kiingereza ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Project Gutenberg, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1971, ina zaidi ya vitabu 70,000 vya bure, halali kabisa. Ukiwa mtu wa Dickens, Kindle itajilipa. Kwa Kiswahili hali ni tofauti. Kabla hujatoa hata shilingi, andika majina ya vitabu kumi unavyotaka kusoma mwaka huu, kisha uvitafute kwenye duka la kifaa unachofikiria. Riwaya za Kiingereza za Ngũgĩ wa Thiong'o utazipata. Tamthilia na diwani nyingi za Kiswahili zinazouzwa hapa bado ziko kwa karatasi tu. Ukipata vitatu kati ya kumi, umejijibu mwenyewe.

Jaribu bila kununua

Programu ya Kindle ni ya bure kwa simu, na ya Kobo pia. Pakua moja, nunua ama chukua kitabu kimoja cha bure, usome kwa miezi minne. Programu inakumbuka ukurasa uliofikia, na baadaye ukinunua kifaa cha kampuni ile ile, vitabu vyako vitakusubiri humo. Bando haliumii sana, maana kitabu cha maandishi matupu kwa kawaida ni faili ndogo kuliko video ya dakika chache.

Kwa nini miezi minne? Kwa sababu ukiweka KSh 150 kila siku kwenye akaunti ya akiba ya simu, siku ya 120 utakuwa na KSh 18,000. Funga akiba hiyo kwa lengo ili usiiguse Ijumaa jioni. Mwisho wa miezi minne utakuwa na vitu viwili mkononi: pesa taslimu, na ukweli kuhusu wewe mwenyewe kama msomaji. Ukikuta umemaliza vitabu vitano kwa skrini ndogo ya simu, nenda kanunue bila wasiwasi. Ukikuta umesoma kurasa 40 za kitabu kimoja, una KSh 18,000 na unajua zaidi ya pa kuzitumia.

Sasa mkopo. Tuseme ada ni asilimia 9 kwa siku 30. Kwa KSh 18,000 hiyo ni KSh 1,620. Usipolipa ukaongezewa mwezi, na mwingine tena, umelipa ada ya KSh 4,860 na deni la mwanzo bado liko pale pale. Kifaa cha 18,000 kimekuwa cha 22,860. Tunatoa huduma za pesa, na bado tunakuambia: mkopo wa muda mfupi ni wa dharura ama wa stoku inayozunguka na kurudi na faida. Kindle si dharura. Haitaingiza shilingi ya kulipa mkopo wake, isipokuwa kazi yako ni kusoma.

Kuagiza nje

Watu huona bei ya Marekani wakachangamka. Kindle ya kawaida ya 2024 ilitoka kwa dola 109.99. Kwa KSh 130 kwa dola, hiyo ni kama KSh 14,300. Weka usafirishaji, tuseme KSh 2,000. VAT ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya vyote viwili, si bei ya kifaa peke yake, kwa hivyo ni KSh 2,608 nyingine. Umefika KSh 18,908 na hujagusa ada nyingine za forodha. Ile ya dukani ya 18,000 unaweza kuishika, kuiwasha na kuirudisha Jumatatu ikiwa na kasoro. Ile ya kuagiza, uliza kwanza ni nani ataibeba ikiharibika.

Na hapa wezi wanapapenda. Ukipigiwa simu kwamba mzigo wako uko uwanja wa ndege na utume “ushuru” haraka kwa namba ya mtu, kata simu. Kodi ya serikali hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. KRA hutoa namba ya malipo inayoandikwa kwenye hati, na kampuni ya usafirishaji ina ankara yake. Wapigie kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyokupigia.

Vitabu vyenyewe mara nyingi utavilipia kwa kadi. Kama pochi yako ya simu ina kadi ya mtandaoni, itumie hiyo, uweke humo pesa ya kitabu tu. Faida yake utaiona kwa usajili wa kila mwezi: unabonyeza “mwezi wa kwanza bure”, unasahau, na kuanzia mwezi wa pili dola 10 zinatoka kimyakimya. Kwa KSh 130, hiyo ni 1,300 kwa mwezi, 15,600 kwa mwaka. Unakaribia kununua Kindle nyingine. Kadi isiyo na salio haikatwi. Weka pia namba ya siri kwenye kifaa, maana ukishasajili kadi, kitabu kinanunuliwa kwa kubonyeza mara moja na watoto hawakawii kubonyeza.

Ile tofauti kati ya aina ndiyo hii: kitabu ulichonunua kwa Amazon kwa kawaida kinasomeka kwa Kindle na programu yake tu. Kobo na PocketBook husoma moja kwa moja faili za EPUB ambazo maduka mengi mengine huuza. Kindle nayo hukubali EPUB isiyo na kufuli, lakini lazima uitume kupitia huduma ya Amazon kwanza. Ukinunua vitabu 50 upande mmoja, kuhama ni kuviacha.

Ya mtumba

Kindle iliyotumika inaweza kupatikana kwa nusu ya bei, na betri yake kwa kawaida hudumu. Lakini usitume pesa kabla ya kuishika. Kutaneni mahali penye watu na waifai. Mwambie muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, kisha uisajili kwa yako hapo hapo. Ikikataa kusajiliwa, huenda iliripotiwa kuibwa, na bei haijalishi tena. Fungua kurasa 20 haraka haraka uangalie mistari isiyofutika: skrini ikipasuka ndani, kuibadilisha kunagharimu karibu bei ya kifaa. Washa taa, chomeka chaja uone kama inaingiza.

Yote yakiwa sawa, lipa kwa till ama paybill ya duka kama ipo. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama unalipa mtu binafsi, jina lifanane na la aliyesimama mbele yako, na usiufute ujumbe wa muamala mpaka uwe umekaa na kifaa wiki kadhaa.