Kutoka Sentensi hadi Msimbo: Utata wa Kiswahili katika Uundaji wa Programu za Tarakilishi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi msimbo wa programu za tarakilishi unavyozalishwa kiotomatiki kutokana na maelezo ya mahitaji ya watumiaji. Hoja kuu ni kwamba zana inayozalisha msimbo haiondoi kazi ya kufasiri lugha. Humwachia anayeandaa maelezo.

Usuli

Mnamo 1983, Russell Abbott alipendekeza mbinu ambayo mwanasarufi yeyote ataitambua: nomino zilizomo katika maelezo ziwe msingi wa aina za data, na vitenzi viwe msingi wa vitendo vya programu. Mnamo 2001, shirika la Object Management Group lilianzisha utaratibu unaotanguliza kielelezo. Wahandisi huchora dhana za uwanja husika na mahusiano yake, aghalabu kwa lugha ya michoro ya UML, kisha zana hugeuza mchoro huo kuwa msimbo.

Mfano wa Maktaba

Tuchukue maelezo haya: "Mwanafunzi ataazima vitabu visivyozidi vitatu. Mkutubi atamwarifu mwanafunzi akipoteza kitabu, naye atatozwa faini." Mwanafunzi, mkutubi na kitabu huwa visanduku katika mchoro. Mstari unaounganisha mwanafunzi na kitabu huandikwa 0..3, na kutokana na alama hiyo zana inaweza kuzalisha sharti la kukataa kitabu cha nne.

Hata hivyo, maelezo hayo yana utata. Kwanza, kitenzi azima chaweza kumaanisha kutoa au kupokea kitu kitakachorudishwa. Pili, haijulikani kama vitabu vitatu ni vya wakati mmoja au vya muhula mzima. Tatu, kiambishi a- katika akipoteza hakibainishi mtendaji, kwa kuwa mkutubi na mwanafunzi wote wamo katika ngeli ya A-WA. Neno naye lina tatizo lilo hilo. Msomaji hutegemea muktadha, ilhali zana hufuata mchoro. Mchoraji akikosea, msimbo wote utabeba kosa lake, na faini itamwangukia asiyestahili.

Utatuzi

Sentensi yafaa iandikwe upya: "Mwanafunzi akipoteza kitabu, mkutubi atamwarifu mwanafunzi huyo. Mwanafunzi huyo atatozwa faini." Urudiaji wa nomino, ambao katika insha huhesabiwa kuwa udhaifu wa mtindo, hapa ni sifa njema. Mifumo ya leo ya akili bandia, inayozalisha msimbo moja kwa moja kutokana na sentensi, haijaondoa haja hii, kwani huweza kuchagua maana moja bila kumwuliza mwandishi.

Hitimisho

Imebainika kwamba usahihi wa programu huanzia katika sentensi. Basi mwanafunzi wa Kiswahili asijione mgeni katika taaluma hii. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe, mara nyingi, huwa katika kiambishi kimoja.