Mashine ya Hali na Kitenzi cha Kiswahili

Mashine ya hali ni mfumo ambao wakati wowote huwa katika hali moja tu, na huhamia nyingine kutegemea kinachoingia. Katika lugha ya programu ya Java, tangu toleo la 5 la mwaka 2004, hali hizo huweza kubainishwa kwa enamu: idadi yake hufungwa mapema, na kila moja huweza kubeba kanuni yake ya kuteua hali inayofuata.

Kitenzi "anakisoma" hupitia NAFSI, NJEO, YAMBWA, MZIZI na KIISHIO. NJEO huweza pia kuruka hadi MZIZI, kama katika "anasoma". Hadi hapo kazi ni nyepesi. Utata huzuka katika "hakisomi", kwani kiishio -i hudaiwa na ukanushi uliotangulia, ilhali mashine haikumbuki ilikotoka. Yenye MZIZI mmoja itapitisha "*anasomi" bila kusita. Wala ukanushi pekee hautoshi: "hakusoma" huishia kwa -a. Hivyo sharti enamu iwe na MZIZI_WA_A na MZIZI_WA_I, na huu wa pili ufikiwe tu kwa njia ya ukanushi usio na kiambishi cha njeo. Vitenzi vya mkopo kama "safiri" na "jibu", ambavyo havibadili irabu ya mwisho ("hasafiri", "hajibu"), hudai MZIZI wa tatu.