Meza ya kupanda na kushuka: jinsi ya kuiagiza kwa fundi mjini Baraka

Ukishinda kitini ukichapa barua za watu, mgongo huanza kuuma hata kabla ya saa sita. Meza inayopanda na kushuka hukuwezesha kukaa, kisha kusimama, bila kuinamia kompyuta. Seremala na fundi wa kuchomelea vyuma wakishirikiana, utaipata hapahapa Baraka.

Je, ya umeme haifai zaidi? Inapendeza, lakini mota yake inataka umeme wa kutegemewa, na wengi wetu tunaishi kwa paneli za jua. Ikiharibika, kipuri utakitoa wapi? Mimi ningechukua ya kupandisha kwa mkono, inayozuiwa kwa pini.

Anza na vipimo. Vaa viatu vya kazini, kaa, kanyaga sakafu kwa nyayo zote, kunja kiwiko kama herufi L. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Rudieni ukiwa umesimama. Kwa watu wazima wengi, cha kwanza huwa kati ya sentimita 60 na 75, cha pili kati ya 95 na 115. Mpe fundi vyote viwili.

Miguu ni bomba la mraba linaloingia ndani ya jingine, na pini ya chuma hupita kwenye matundu kulizuia. Hapo kwenye matundu ndipo kazi nyingi huharibika. Miguu yote minne itobolewe kwa kipimo kimoja, kila sentimita 5. Yakipishana kidogo tu, meza italala upande. Bomba la ndani lisicheze. Kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu, maana tuko kando ya ziwa.

Kwa uso wa meza, mvule mkavu hauna mpinzani: mchwa hawauwezi, na ukipigwa vanishi unang'aa. Mbao mbichi ni rahisi, ila zitapinda. Omba ukingo wa mbele uviringishwe usikate mikono, na tundu la kupitishia nyaya.

Bei? Uliza mafundi watatu, kila mmoja atenganishe mbao, bomba na ufundi. Kubalianeni mapema kama ni dola au faranga. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa. Tanguliza fedha za vifaa tu. Mfuko ukiwa mwepesi, agiza kisanduku imara cha kuweka juu ya meza uliyo nayo, kompyuta ikae juu yake unaposimama.

Kabla ya kumaliza malipo, ipandishe hadi mwisho, uiegemee kwa mikono miwili. Ikitikisika, fundi aongeze chuma cha kuunganisha miguu ya nyuma.