Ufadhili ni wa Mwaka Mmoja Mmoja: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mwanafunzi wa Pemba

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, Wete na Chake Chake husikika vigelegele. Mwanafunzi wa shule ya Fidel Castro au ya Utaani amefaulu vizuri, na huenda akapata Samia Scholarship, ufadhili ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaoongoza katika masomo ya sayansi. Wazee humshukuru Mungu, barua ya ufadhili ikawekwa kabatini. Itoe. Ufadhili wa ufaulu, uwe wa serikali au wa mtu binafsi, kwa kawaida huendelea mwaka hadi mwaka kwa masharti, na masharti hayo yamo humo.

Soma kifungu cha kuendelea na ufadhili kabla ya kutia saini. Tafuta GPA (wastani wa pointi) ya chini inayotakiwa. Tafuta kama inahesabiwa kwa mwaka uliomalizika au kwa miaka yote kwa pamoja. Kisha tafuta linalotokea ukishuka: wapo wafadhili wanaompa mwanafunzi muda wa kujirekebisha, wapo wanaokata mara moja. Usipoona jibu, uliza kwa barua na udai jibu la maandishi. Mzazi wako naye aijue GPA hiyo inayotakiwa.

Usijidanganye kwamba kupasi kunatosha. Chuo kinaweza kukupandisha mwaka wa pili ukiwa na GPA ya 2.0. Mfadhili aliyeandika 3.5 huenda asikulipie hata shilingi, na ada utadaiwa wewe.

Jifunze kuikokotoa GPA yako mwenyewe, tangu semista ya kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Katika vyuo ambavyo A ni pointi 5, B+ 4, B 3 na C 2, pointi huzidishwa kwa krediti za somo, yaani uzito wake, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Chukua somo la krediti 12 ulilopata C na la krediti 8 ulilopata A. Anayejumlisha 2 na 5 akagawa kwa mbili anaona 3.5, analala usingizi. Hesabu ya kweli ni 24 kujumlisha 40, kugawa kwa 20: 3.2. Kwa hiyo somo zito ndilo la kulikesha, hata kama hulipendi. Uliza pia chuo kinafanyaje na tarakimu za mwisho, kwa sababu kinachozikata kitaandika 3.7 kwa mwenye 3.79.

Usiichukulie sapu, yaani mtihani wa marudio, kuwa jambo dogo. Vyuo vingi humwandikia C aliyeufaulu, hata akipata alama 80. Umevuka mwaka, lakini C hiyo itaivuta GPA yako chini.

Usihame kozi wala kuahirisha mwaka kimyakimya. Ufadhili uliotolewa kwa uhandisi haumfuati aliyehamia sheria. Ukiugua, ukalazwa hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, cheti cha hospitali peke yake hakikulindi: omba chuo kiidhinishe kuahirisha, kisha nakala ya idhini hiyo ifike kwa mfadhili. Kijana mgonjwa anastahili kusubiriwa, nami naamini hivyo kwa dhati, lakini hasubiriwi asiyejulikana alipo.

Usipokee ufadhili huku ukichukua mkopo wa bodi ya mikopo kwa gharama ileile, iwe bodi ya Muungano au ya Zanzibar. Tamka mapema ulichonacho.

Rudi chuoni kabla ya siku ya mwisho. Mitihani ya marudio na ile maalumu aghalabu hufanywa kabla ya mwaka mpya wa masomo, na huku kwetu huenda ikawa ni wakati wa karafuu. Wazazi, msimzuie mtoto mkarafuuni siku hizo. Kusi ikivuma bahari huchafuka na boti huweza kuahirishwa. Anayetoka Mkoani kwenda Dar es Salaam aondoke siku kadhaa kabla.

Hakikisha matokeo yamemfikia mfadhili. Somo moja lisiloingizwa kwenye mfumo linaweza kukuonesha umefeli. Nenda kwa afisa mikopo wa chuo, ulizia jina lako, weka nakala ya matokeo. Ukikatiwa kwa kosa lisilo lako, peleka rufaa ya maandishi ukiwa na barua ya mkuu wa idara, ndani ya muda uliotajwa, na udai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.